Alivutwa Mkono na Mkwewe

Mkono wa Bi Kudra ulivunjika mwenyewe ameketi. Hakuanguka, hakuteleza, hakukanyagwa na ng'ombe. Alikuwa jikoni kwake, Sindeni, Jumatano saa tatu asubuhi, juu ya kigoda, uji ameumaliza. Akamnyooshea mkwewe mkono wa kulia kama alivyomnyooshea kila siku kwa miaka miwili, akasema, "Haya, nivute." Mwaija akaweka kikombe chini, akamshika juu kidogo ya kiganja, akavuta. Ndani ya ule mkono kitu kikalia ko, kama kijiti cha kuwashia moto kikivunjwa.

Kwanza hakuna aliyepiga kelele. Bi Kudra aliutazama mkono wake ulivyopinda mahali usipopaswa kupinda, akautazama kwa mshangao tu. "Umenivunja, Mwaija," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua imeanza. Kisha maumivu yakamfikia, akapiga ukelele ambao hata kuku waliukimbia.

Mwatumu, jirani yao, alikuwa upande wa pili wa ua akianika makopa yake ya mhogo. Si mwanamke mbaya Mwatumu; ukiugua ndiye wa kwanza kukuletea uji. Ila jambo akilijua saa tatu, saa nne linajulikana mnadani.

"Kulikoni huko?" aliuliza, tayari yuko mlangoni.

"Mkono wa mama umevunjika."

"Kaanguka?"

"Hajaanguka. Nilikuwa namwinua."

"Kumwinua tu?" Mwatumu alimtazama Mwaija kuanzia miguuni, akapanda naye polepole hadi usoni. "Mbona mimi nimemsikia kwa masikio yangu anasema umenivunja?"

Lilikuwa limesemwa kweli. Mwaija pia alikuwa amelisikia. Na kilichomtisha si Mwatumu, ni viganja vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa bado vinaikumbuka ile ko.

*

Hospitalini, mjini Handeni, muuguzi aliyekuwa mapokezi aliutazama ule mkono uliofungwa kwa kanga na vipande viwili vya ubao, akampa mgonjwa pole na sindano ya maumivu, kisha akamgeukia Mwaija.

"PF3 iko wapi?"

"Hatujaenda polisi, dada. Hakuna aliyepigwa."

"Sijasema kapigwa. Majeraha ya namna hii yanataka fomu ya polisi. Sisi tutaendelea kumhudumia, wewe kaifuate."

Mwaija akaifuata. Kwenye kituo kidogo cha polisi alimkuta askari kijana mwenye kalamu iliyokuwa ikiandika na kugoma. Askari alikuwa na adabu zake, alimpa hata benchi la kukaa.

"Nani kamuumiza?"

"Hakuna, afande."

"Kaanguka?"

"Hajaanguka."

"Kapata ajali? Pikipiki? Kagongwa na kitu?"

"Alikuwa amekaa jikoni."

Askari akainua kichwa. "Mama, mimi hapa nina nafasi ya chanzo. Lazima nijaze kitu. Mfupa hauvunjiki wenyewe umekaa jikoni unakunywa uji. Alikuwa anafanya nini?"

"Alininyooshea mkono nimwinue. Nikamvuta."

"Ahaa." Kalamu, iliyokuwa imegoma muda wote huo, sasa ikaandika bila shida. "Alivutwa mkono na mkwewe."

"Afande, usiandike hivyo."

"Kwani hukumvuta?"

"Nilimvuta."

"Basi. Ndivyo ulivyosema, ndivyo nilivyoandika." Akagonga muhuri. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo lililomfanya Mwaija ashindwe hata kumkasirikia. Njiani alilisoma lile neno mara nne. Kila alipolisoma lilizidi kufanana na kosa.

*

Daktari aliitwa Habakuki, kijana mrefu aliyeinama kidogo kila alipozungumza na wagonjwa. Alikuwa ameagiza picha ya mkono, kisha, baada ya kuuona mgongo wa Bi Kudra, akaagiza na picha ya mgongo. Sasa alikuwa amezipachika zote dirishani, na bibi mwenyewe yuko kitini, mkono wake umefungwa hogo jeupe la plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Sitini na mitatu."

"Hedhi ilikoma lini?"

Bi Kudra aliangalia pembeni. Kuulizwa jambo hilo na kijana wa umri wa mwanawe, mbele ya mkwewe, kulikuwa jambo zito kuliko hogo. "Walinitoa kizazi nina miaka thelathini na minane," alisema kwa sauti ndogo. "Na mayai yake. Tangu hapo sikuona tena."

"Mama yako, alipinda mgongo uzeeni?"

"Mama, na shangazi zangu. Sisi kwetu tunapinda."

"Urefu wako? Umepungua?"

Hilo alilijibu Mwaija. Alieleza kwamba ukutani kwao kuna msumari ambao Bi Kudra alikuwa akitundikia kanga zake. Mwaka juzi aliufikia, mwaka jana akawa anasimama juu ya vidole, na sasa kanga humtundikia yeye. Walidhani ni uzee tu. Alieleza pia juu ya siku ile ya kuvuna, bibi alipoinua beseni la mahindi akakaa chini ghafla, akasema baridi imempiga mgongoni, akalala wiki mbili.

"Baridi," alisema daktari.

"Baridi ya mifupa," alisema Bi Kudra. "Nina baridi siku nyingi. Lakini dawa ninayo." Na kwa mkono mmoja, huku akitabasamu kidogo kwa fahari, akafungua pindo la kanga yake. Humo mlikuwa na kijifuko cha plastiki chenye vidonge vidogo vyeupe. "Mwanangu Jabiri ananiletea kutoka Korogwe. Yuko kwenye mashamba ya mkonge, kwenye korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, anakaa Kwamndolwa. Kila mwisho wa mwezi, hata akose nauli, dawa yangu haikosi."

Daktari akakimwaga kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza, akasoma alama yake. "Unameza vingapi?"

"Viwili asubuhi, kimoja jioni. Baridi ikizidi naongeza."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu. Daktari, zamani nilikuwa siwezi kushika mwiko! Siku ya kwanza kumeza nilitwanga. Na nikawa nakula. Ona mashavu haya."

Kweli alikuwa na mashavu. Sindeni nzima iliyajua mashavu ya Bi Kudra, ya mviringo, yanayong'aa, juu ya mwili mwembamba. Wanawake kisimani walisema, mama wa watu kanawiri, kijana anamtunza. Jabiri akipita barabarani wazee walimsimamisha wampe mkono kwa ajili ya mashavu yale. Mwaija, aliyekuwa akimpikia, akimfulia na kumchua miguu kwa mafuta ya nyonyo, hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Daktari alirudisha kidonge mahali pake, taratibu. Kisha akauliza, "Mnalima mhogo?"

"Tunalima."

"Makopa yakiingiwa na dumuzi yanakuwaje?"

"Nje zima," alisema Bi Kudra, "ukilishika ndani unga."

"Ndiyo mifupa yako, bibi. Ugonjwa huu kitaalamu wanauita osteoporosisi. Mfupa unapungua ndani, nje hauonyeshi, na hauumi mpaka uvunjike. Hizi pingili tatu za mgongo zimebonyea, moja pengine ni siku ile ya beseni. Haikuwa baridi, ulivunjika." Akawa anahesabu sababu kwa upole, huku akitazama zaidi Mwaija: kizazi na mayai kutolewa mapema, maana ndimo mnamotoka kile kinachoulinda mfupa wa mwanamke, ukoo, wembamba, umri. "Lakini kilichoharakisha ni hiki." Akagusa pindo la kanga. "Dawa hii ni nzuri kwa kazi yake, kwa kipimo, kwa muda. Miaka sita bila daktari, inakula mfupa. Mashavu haya si kunawiri, bibi. Ni dawa."

Mwaija, nikiri kwa niaba yake, alifurahi. Ilikuwa furaha ya aibu, lakini ilikuwa furaha; aliona ile ko ikitoka mikononi mwake. Kisha akamtazama mama mkwe, akamwona ameinua mkono mzima na kushika shavu lake kana kwamba amegundua amevaa kitu cha wizi. Furaha ikamwishia.

"Niache leo leo?" aliuliza Bi Kudra.

"Hapana! Ukiiacha ghafla baada ya miaka hii unaweza kuzimia, unaweza kufa. Inapunguzwa kidogo kidogo, miezi. Nitaandika." Akaandika karatasi nzima, akaandika na dawa za madini ya mfupa. Kipimo chenyewe cha uzito wa mifupa, alisema, hapa hakipo, ni Dar es Salaam. "Na wewe, dada, usimvute tena kwa mkono. Mshike kiunoni, ajisukume kwa miguu. Mkono wa kushoto nao ni ule ule. Unaweza kuvutwa mara mia usiseme kitu, mara ya mia na moja ukakatika."

*

Walikaa kwenye benchi la nje wakisubiri dawa. Bi Kudra alifumba macho, Mwaija akadhani amesinzia.

"Mwaija."

"Abee, mama."

"Jabiri asijue."

Mwaija hakuelewa. "Asijue nini?"

"Habari za vidonge. Asijue kabisa." Alisema kwa Kizigua sasa, haraka, kama mtu aliyekwisha kulipanga neno lake. "Baba yake alipokufa alikufa akiomba dawa, na Jabiri alikuwa hana kitu, alikaa pale mlangoni akimsikiliza. Ulikuwa hujaolewa. Aliniambia, mama, wewe hutakosa dawa. Ndiyo maisha yake yale. Ukimwambia kwamba yeye ndiye aliyenila mifupa, yule mtoto atabaki na nini?"

"Na mimi mama? Kijiji kizima kinasema nimekuvunja. Imeandikwa polisi!"

"Wewe watakusema mwezi, watachoka. Yeye hatachoka kujisema."

"Mama, lazima apunguze kuleta. Daktari kasema vinakumaliza mifupa."

"Tutapunguza sisi wenyewe, mimi na wewe, kimyakimya. Vingine utavitupa chooni." Akamshika Mwaija goti kwa ule mkono wa kushoto. Ulikuwa mwepesi mno. "Mwanangu, wewe unaweza kubeba. Yeye hawezi."

Mwaija hakuahidi. Lakini hakukataa pia, na baadaye alilijutia hilo kuliko kuvuta kwenyewe. Alikuwa anampenda yule mama. Katika miaka kumi na minne hajawahi kutukanwa naye, na nani kijijini anaweza kusema hivyo juu ya mama mkwe wake?

*

Jabiri alifika Jumamosi mchana pamoja na dada yake Munira, aliyeolewa Kang'ata. Munira aliingia na kilio kabisa, kama aliyeitwa msibani, akapiga magoti mbele ya hogo. Jabiri alisimama tu. Alikuwa na vumbi la mkonge kwenye nyusi na mfuko mweusi wa plastiki mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Walikaa sebuleni, mama kwenye kiti cha chini, Mwaija karibu na mlango wa uani, mahali pa mtu anayesubiri kutumwa. Munira ndiye aliyeomba karatasi za hospitali. Alizipekua haraka, zile za daktari zenye mwandiko wa kuparura akazipita, akatua kwenye yenye muhuri. Akaisoma kwa sauti, kila neno peke yake.

"Alivutwa. Mkono. Na mkwewe." Akaishusha. "Kaka, hii si Mwatumu. Hii ni serikali."

"Wifi, nilimvuta kumwinua. Ndivyo anavyoinuliwa kila siku, hata wewe ukija unamvuta."

"Mimi nilimvunja?"

Jabiri alizungumza bila kumtazama mke wake. "Mama Maryamu, kama umechoka kumlea mama, ungeniambia. Ningejua la kufanya. Sasa nimpigie Mzee Mwinjuma aje amchukue binti yake, nimwambie nini? Kwamba mwanao kamvunja mama yangu mkono?"

Kulisikia jina la baba yake likitajwa hivyo, Mwaija akamtazama Bi Kudra. Alimtazama kwa kumwomba. Bi Kudra alikuwa anatazama hogo lake. Basi Mwaija akainuka, akaiokota karatasi ya daktari kutoka kwenye mkeka, na akasema yote: dumuzi, pingili tatu, beseni, miaka sita, vidonge. Alisema vibaya, kwa kuvuruga, mwanzo ukawa mwisho. Alipolitaja neno vidonge aliona uso wa mume wake ukijifunga.

"Dawa yangu," alisema Jabiri.

"Si yako wewe. Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Lete hiyo karatasi." Akaikazia macho, akaisogeza kwenye mwanga, kidole kikashuka mstari kwa mstari mpaka kikakwama. Akatoa kopo kwenye mfuko mweusi, akaweka lebo yake ubavuni mwa ule mwandiko, akalinganisha herufi. "Prednisoloni. Hapa prednisoloni. Soma, Munira."

"Ni hiyo hiyo," alisema Munira.

"Daktari mwenyewe kaandika ile ile! Mistari mitatu, minne, yote ile ile!" Akaligonga kopo kwa kidole. "Kama ni sumu, angemwandikia tena?"

"Ni ya kupunguza! Kaandika namna ya kupunguza, wiki hizi hivi, wiki zile hivi—"

"Mama Maryamu, naomba unyamaze." Akamgeukia mama yake, akachuchumaa mbele yake kabisa, kopo mkononi. Lilikuwa kopo zima safari hii, lenye vidonge elfu. Alikuwa amelinunua alipopigiwa simu ya mkono kuvunjika, ili mama asipungukiwe. "Mama. Niambie wewe. Dawa ninayokuletea inakudhuru?"

Palikuwa na neno moja tu la kusema, na mwenye nalo alikuwa pale, mzima wa akili, ametazamana na mwanawe.

Bi Kudra akamfuta vumbi la mkonge kwenye nyusi. "Hainidhuru, mwanangu," alisema. "Ndiyo inayoniweka."

Jabiri akainamisha kichwa magotini pa mama yake, mabega yakacheza. Munira naye akalia tena. Bi Kudra, juu ya kichwa cha mwanawe, alimtazama Mwaija mara moja tu, kwa macho ya mtu anayeomba radhi na ambaye angefanya vile vile kesho.

"Nipe kamili," alisema. "Tangu juzi Mwaija ananipa nusu nusu."

Hapo Munira alifuta machozi, akamkazia Mwaija macho. Kumnyima mama dawa! Jabiri alifungua kopo kwa meno, akamhesabia vitatu kiganjani, akaongeza cha nne kwa sababu ya mkono. Maji aliyaleta Mwaija, kwa kuwa ndiye aliyejua mtungi uko wapi. Alimshika mama mkwe mgongo ili asipaliwe, akazisikia pingili zake chini ya kanga, moja, pengo, moja, na akamnywesha maji ile dawa ishuke.

"Atarudi kwao," alisema Munira.

"Utakaa wewe umwogeshe?" aliuliza Jabiri.

Munira akaanza kueleza juu ya mume wake, kuku wake na mahindi yaliyokuwa bado shambani. Likaishia hapo. Mwaija angebaki. Hakusamehewa wala hakusadikiwa. Angebaki kwa kuwa nyumba ilikuwa na mtu wa kuogeshwa na kopo lilikuwa na vidonge elfu, na kuanzia sasa Munira angekuja kila Ijumaa kuvihesabu.

Alasiri ikaadhiniwa. Bi Kudra alitaka kwenda kutawadha. Kwa mazoea, bila kufikiri, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwa Mwaija, ule ambao haukuwa na hogo.

"Haya, nivute."

Wote watatu wakaitazama mikono ya Mwaija. Yeye akaificha nyuma ya kanga. "Simvuti," alisema. "Anashikwa kiunoni, mama, subiri nije—"

"Mama anakunyooshea mkono unauacha hewani?" Jabiri alikuwa amekwisha simama.

"Usimvute! Baba Maryamu, nakuomba, usimvute!"

Jabiri aliushika ule mkono juu kidogo ya kiganja, akauvuta. Mwaija alifumba macho. Akasikiliza kwa mwili mzima, na hakusikia kitu. Alipofumbua, Bi Kudra alikuwa amesimama, mdogo, amepinda, ameegemea kifua cha mwanawe, mzima.

Jabiri alimtazama mke wake kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa mtu aliyepata uhakika alioutafuta.

"Mbona mimi sijamvunja?" aliuliza.

Akampeleka mama yake uani polepole, akiwa amemshika mkono ule ule. Mwaija akabaki ndani, akaokota kikombe, akafunga kopo, akaliweka juu ya kabati mahali ambapo Bi Kudra hafiki tena.